KITANDA CHA MAUA NA CHUMBA CHA NJE: UHAKIKI WA RASIMU YA ISTILAHI ZA MANDHARI

Miongoni mwa rasimu za istilahi zilizofika mezani petu kungojea kusanifishwa, imo moja ihusuyo kazi ya kupanga ardhi iliyo nje ya majengo, yaani kuipa mteremko, njia, mitaro, mimea, kivuli na mahali pa watu kukaa. Waingereza wana neno moja la kuibeba kazi hiyo yote, na mafundi wetu wa Dar es Salaam wamekwisha kulitamka kwa namna yao, "lendiskepu", na kulipaka rangi kwenye vibao vya vitalu vya miche kandokando ya barabara kubwa. Ofisi iliyoandaa rasimu hatutaitaja, kwa sababu waandishi wake waliifanya kazi kwa nia njema, na makosa waliyoyafanya ni yale ambayo sisi wenyewe tumekwisha kuyafanya mara nyingi katika fani nyingine. Lakini rasimu yenyewe hatuna budi kuihakiki hadharani, maana ikipitishwa kama ilivyo itaingia katika mikataba, katika vitabu vya shule na, baya zaidi, katika sheria.

Hatusemi hivyo kwa kutia chumvi. Tangu yafanyike marekebisho ya mwaka 2021 yaliyokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria, kazi ya kuzitafsiri sheria zetu imekuwa kubwa, na mfasiri aliyewekewa mbele yake Sheria ya Mipangomiji ya mwaka 2007 hana nafasi ya kungoja wanaistilahi wamalize ubishi wao. Atachukua neno lililo karibu. Neno hilo likiwa limekosewa, atakayeumia si mfasiri bali mwananchi atakayeambiwa siku moja, kwa mujibu wa kifungu fulani, kwamba pale anapopumzika chini ya mti ni mahali patupu.

Basi tuliichukua rasimu tukaenda nayo Kariakoo. Yuko atakayeuliza kwa nini hatukuipeleka kwenye bustani za mahoteli ya pwani au za balozi, ambako nyasi hukatwa kwa mashine na maji hurushwa juu yakaanguka kwenye karo. Jibu letu ni kwamba istilahi inayofaa ua wa ubalozi peke yake haifai kusanifishwa. Kariakoo haina nyasi, lakini ina maswali yote ya fani hii: jua kali, mvua ya ghafla, ardhi inayoteremkia bonde la Msimbazi, mikokoteni, mabasi yaendayo haraka yanayoishia Gerezani, na maelfu ya watu wanaotafuta mahali pa kutua mzigo. Zaidi ya hayo, ni mahali penye mkono mzuri wa kusaga maneno. Palikuwa na mashamba ya minazi. Wajerumani wakapima mitaa iliyonyooka karibu na kuanza kwa Vita Kuu ya Kwanza. Waingereza walipouteka mji mwaka 1916 wakaweka hapo kikosi chao cha wapagazi, na jina la Kiingereza la kikosi hicho likatafunwa na midomo ya watu mpaka likawa Kariakoo. Nani leo anayekumbuka kuwa hiyo ilikuwa istilahi ya kijeshi?

Tuanze na ingizo lililotuchekesha kwanza kisha likatukasirisha. Rasimu ina "chumba cha nje", kwa maana ya kipande cha ardhi kilichozungushiwa kuta, michongoma au miti ili watu wakae humo kama wakaavyo ndani ya nyumba. Mwandishi wa Kiingereza atumiaye msemo huo anamsemesha msomaji wa nchi ya baridi, ambaye kwake chumba ni kitu cha ndani na nje ni mahali pa kupita. Mswahili hana la kustaajabia hapo. Nyumba ya Kiswahili iliyoijaza Kariakoo kwa miongo mingi ilikuwa na baraza mbele, ukumbi katikati, vyumba kushoto na kulia, na nyuma yake ua: humo lilikuwamo jiko, mtungi, mkeka, watoto, na mara nyingi mwarobaini au mpapai mmoja. Ua ndio uliokuwa chumba kikubwa kuliko vyote. Tena, mwambie mkazi wa Kariakoo "chumba cha nje" naye atakuuliza kodi yake ni kiasi gani kwa mwezi, maana kwake hicho ni chumba cha uani kinachopangishwa.

Tunashuku kwamba waandishi walilikwepa neno "ua" kwa sababu lina maana nyingine ya kitu kinachochanua, nacho kimo katika rasimu hiyo hiyo. Kikwazo hicho si kikubwa. Ua la mmea wingi wake ni maua; ua wa nyumba wingi wake ni nyua; na upatanisho wa sentensi huondoa shaka iliyobaki: ua limechanua, ua umefagiwa. Lugha imekwisha kulitatua tatizo hilo kabla yetu. Jambo linalotusikitisha ni kwamba nyua zenyewe zinatoweka Kariakoo, kwa kuwa maghorofa mapya huchukua kiwanja chote kutoka mpaka hadi mpaka. Na wakati kitu kinapotoweka, ndipo neno lake linapohitaji kushikiliwa, ili mpimaji wa kesho ajue kulidai. Tumelifuta "chumba cha nje" na kuandika "ua".

Maingizo mengine ya namna hii tutayapitia upesi. "Kitanda cha maua" kimetokana na Waingereza kuuita mahali pa kupandia jina lile lile la mahali pa kulala. Bwana shamba yeyote angewaambia waandishi kwamba hilo ni tuta, na likiwa la miche michanga ni kitalu. "Mpira wa mizizi" ni bonge la udongo linalotoka pamoja na mche. "Kifuniko cha ardhi" kinaleta picha ya turubai, ilhali kinachokusudiwa ni mimea itambaayo. "Ukuta wa kubakiza" haubakizi kitu. Unazuia udongo usiporomoke, nao uitwe hivyo, ukuta wa kuzuia udongo. "Samani za mtaa", kwa maana ya mabenchi, taa na mapipa ya taka, tulimsomea muuza duka mmoja karibu na Msimbazi naye akatuelekeza, kwa heshima zote, kwenye makabati na vitanda vinavyouzwa kando ya barabara. Kisha kuna "mstari wa tamaa". Hili ni jina lililopewa kijia kinachochongwa na nyayo za watu wanapokataa kufuata njia iliyowekwa na fundi. Kiswahili kinakiita njia ya mkato, na hakikioni kuwa na tamaa yoyote. Ni haraka tu.

Kosa la maingizo haya yote ni moja. Mfasiri alilitazama neno, hakukitazama kitu. Laiti angekwenda kwa mabwana shamba na mabwana miti, angekuta robo ya kazi yake imekwisha kufanywa: kitalu, mche, kupogoa, kupalilia, matandazo, makingamaji, matuta. Maneno haya hayakutungwa na kamati. Yalisemwa mashambani, yakaandikwa katika vijitabu vya kilimo, yakakubalika. Lugha yetu hata imekopesha: matuta yanayotengenezwa kwa kuchimba mfereji na kuutupa udongo upande wa juu yanaitwa "fanya juu" katika vitabu vya wataalamu wa udongo ulimwenguni, kwa jina hilo hilo walilolisikia kwa wakulima wa Ukambani nchini Kenya. Nao Wamatengo wa Mbinga wana ngolo zao, yale mashimo ya mraba ya kushika maji mlimani, ambayo wataalamu wa nje wameyaandika bila kuyabadilisha jina. Mwenye akiba ya namna hiyo haendi kukopa kitanda.

Sasa tufike kwenye ingizo ambalo kosa lake halichekeshi hata kidogo. Kazi ya kuipa ardhi umbo lake kabla ya kujenga au kupanda, rasimu imeiita "kusawazisha". Neno ni zuri, la siku nyingi, na kila fundi analijua. Ubaya wake ni kwamba linaagiza kinyume cha kazi inayotakiwa. Kusawazisha ni kuifanya ardhi iwe sawa. Lakini mtu wa fani hii haitaki ardhi iwe sawa; anataka iwe na mteremko mdogo ambao jicho halioni na maji yanauona, sentimita 1 au 2 kwa kila mita moja katika mahali palipotandikwa vitofali au zege, ili mvua isipate pa kusimama. Tulipata kuonyeshwa uwanja wa shule moja ya msingi, ambayo hatutaitaja, uliosawazishwa kwa mujibu wa mkataba wa Kiswahili uliosema "kusawazisha". Mkandarasi alitii. Uwanja ulikuwa sawa kama meza, na kila masika ulikuwa bwawa, na watoto wakawa wanavuka kwenda darasani kwa kukanyaga matofali yaliyopangwa na mwalimu wao. Mkandarasi alipoulizwa alifungua mkataba na kuweka kidole juu ya neno. Hakuna aliyeweza kumshinda.

Hapa Kariakoo jambo hilo halihitaji kufafanuliwa kwa mchoro. Maji ya mitaa hii, yale yasiyozuiliwa na taka ndani ya mitaro, huelekea Jangwani na mto Msimbazi. Na mafuriko ya Desemba 2011 yalionyesha gharama ya mji kusahau maji yanakwenda wapi. Kwa hiyo tumependekeza istilahi mbili mahali pa moja. "Kuchonga ardhi" itumike kwa kazi yote ya kubadili umbo la ardhi, kwa kuwa madereva wa greda wanasema hivyo tayari, nao huchonga barabara kila siku. Na "kutia mteremko" itumike pale mkataba unapotaka maji yaondoke. "Kusawazisha" ibaki kwa viwanja vya michezo, na hata huko isiandikwe bila kusemwa maji yatatokea wapi.

Linalofuata linawahusu zaidi wafasiri kuliko wanaistilahi, lakini hatuwezi kuliruka. Katika maelezo ya "bustani ya jua", rasimu inasema ni bustani "iliyoelekea kusini". Kwa London ni kweli. Dar es Salaam iko karibu nyuzi 7 kusini mwa Ikweta: tangu mapema Machi hadi kiasi cha siku kumi za Oktoba, jua la adhuhuri linakuwa upande wetu wa kaskazini, miezi mingine linakuwa kusini, na mara mbili kwa mwaka linasimama utosini. Mwalimu atakayefundisha kwa maelezo hayo atawafanya wanafunzi wake wapande miti ya kivuli upande usio na jua kwa miezi saba. Vivyo hivyo, "kupanda katika majira ya kuchipua" hakuna maana kwetu tulio na masika, kipupwe, vuli na kaskazi. Mche unaotaka maji hupandwa masika yanapoanza. Upepo nao umeachwa kabisa, ilhali pwani hii ina pepo mbili zenye majina, kusi na kaskazi, na mabaharia waliupanga mwaka wao kwa kuzifuata. Hata mpango mkuu wa mji wa mwaka 1949, uliotayarishwa na kampuni ya Alexander Gibb ya Uingereza, uliacha mabonde bila kujengwa ili yawe njia za upepo. Tafsiri iliyo sahihi kwa neno na potofu kwa jua si tafsiri sahihi. Mfasiri wa vitabu vya namna hii anayo ruhusa, na sisi tungesema anao wajibu, wa kuibadili sentensi ili ikae hapa tulipo.

Tumelichelewesha makusudi neno lililo kichwani mwa rasimu yenyewe, "mandhari". Asili yake ni Kiarabu, nalo linatokana na kutazama: mandhari ni kile kinachoonekana mbele ya macho. Walimu wa fasihi wamelichukua kwa maana ya mahali na wakati wa matukio ya hadithi. Msimamizi wa utalii hulitumia kwa Mlima Kilimanjaro ukionekana kutoka mbali. Matumizi yote hayo ni halali, na yote yana mtazamaji aliyesimama pembeni. Hapo ndipo shaka yetu ilipoanzia. Kazi ambayo jina lake ni la kutazamwa huhesabiwa kuwa pambo, na pambo ndilo la kwanza kufutwa fedha zinapopungua. Tumeona makadirio ya ujenzi ambamo mtaro, mti na benchi viliwekwa pamoja chini ya kichwa "kupendezesha mandhari", na mstari mmoja wa kalamu ukaviondoa vyote vitatu, mtaro ukiwamo.

Kwa hiyo baadhi yetu ofisini walitaka neno jipya kabisa. Tulizungusha "usanifu wa nyua", likaonekana dogo mno kwa bonde zima. Tulifikiria "uga", neno la lahaja za kaskazini kwa kiwanja cha mbele ya makazi, tukakuta wanafizikia wamekwisha kulichukua kwa sumaku. "Upambaji wa mazingira" linarudisha kosa lile lile la pambo kwa mlango wa nyuma.

Mwisho tulilazimika kujikumbusha kwamba hata Kiingereza hakikuanza vizuri. Neno lao lilitoka kwa Waholanzi, na lilipoingia Kiingereza mwishoni mwa karne ya 16 lilikuwa neno la wachoraji, likimaanisha picha ya mashambani ndani ya fremu. Frederick Law Olmsted, ambaye pamoja na Calvert Vaux alibuni mwaka 1858 ile bustani kubwa ya katikati ya New York, alilitumia jina la taaluma hii kwa kunung'unika, akaliona halifai. Hata hivyo wenzake wa Marekani waliunda chama chao mwaka 1899 chini ya jina hilo hilo, na mwaka 1948 likaundwa shirikisho la kimataifa. Kazi ililijaza neno maana ambayo halikuzaliwa nayo. Bustani ile ya New York, kwa kweli, ni mabwawa yaliyokaushwa, mabomba yaliyozikwa na barabara zilizopitishwa chini ya nyingine ili farasi wasigongane na waendao kwa miguu. Uzuri wake umesimama juu ya mitaro.

Basi hukumu yetu ni kwamba "mandhari" ibaki, kwa kuwa watu wa fani wamekwisha kulizoea na kulifukuza sasa ni kuongeza vurugu, lakini ibaki kwa sharti la fasili. Rasimu ilisema mandhari ni "mwonekano wa eneo". Sisi tumeandika: ardhi ya mahali fulani pamoja na umbo lake, maji yake, mimea yake, njia zake na matumizi ya watu waliopo, kama ilivyo au kama ilivyopangwa. Mwonekano haukutajwa. Ukiyapanga hayo vizuri, wenyewe utakuja.

Watoto wa neno hilo, lakini, hatukuwapokea. "Mandhari ngumu" kwa kuta, ngazi na vitofali, na "mandhari laini" kwa miti na nyasi, ni nakala isiyosomeka: mkwaju si kitu laini, ulizeni aliyepata kuukata. Ziandikwe "kazi za ujenzi wa nje" na "kazi za mimea", na mkadiriaji atajua mara moja fedha zake ziende safu gani.

Neno lililotutaabisha kuliko yote halikutungwa na waandishi wa rasimu. Wamelikuta, nalo limeenea katika ramani, magazeti na hotuba. Ni "eneo la wazi". Wazi ni kinyume cha kufungwa, na kwa maana hiyo neno ni zuri. Lakini wazi pia ni kutokuwa na mwenyewe, kama tunaposema nafasi ya kazi iko wazi, yaani aje anayetaka. Tunasoma kila mara kuhusu uvamizi wa maeneo ya wazi, na hatudai kwamba wavamizi wanaongozwa na kamusi. Wanaongozwa na bei ya ardhi. Tunachosema ni kwamba lugha ya serikali imewarahisishia hoja. Mahali palipoandikwa katika ramani kuwa ni wazi, mtu anaweza kujitetea kwamba amepajaza tu.

Tazama Mnazi Mmoja, hatua chache kutoka sokoni. Waingereza katika miaka ya 1920 waliuacha ukanda ule bila kujengwa kati ya Uhindini na Kariakoo, kwa hoja ya afya iliyokuwa kisingizio cha kuwatenga watu kwa rangi. Kwa mpangaji wa kikoloni ilikuwa nafasi tupu, na utupu ndio uliokuwa kazi yake. Wakazi hawakuitumia hivyo. Waliichezea mpira, wakafanya maulidi na mikutano. Chama cha TANU kiliasisiwa mwaka 1954 katika nyumba iliyo jirani, mtaa ambao leo unaitwa Lumumba. Na baada ya Uhuru pakajengwa mnara wa Mwenge. Sikiliza basi watu wanavyopaita. Hakuna redio iliyopata kutangaza kwamba mkutano utafanyika katika eneo la wazi la Mnazi Mmoja. Husema viwanja vya Mnazi Mmoja, kama wasemavyo viwanja vya Jangwani. Uwanja si mahali pasipo na kitu. Ni mahali palipowekwa kwa ajili ya jambo, na palipo na wenyewe.

Tunajua pingamizi litakalotolewa, maana tulilitoa sisi wenyewe kwanza: viwanja ni wingi wa kiwanja pia, na kiwanja kwa idara ya ardhi ni kipande cha kujengea chenye namba na hati. Mgongano upo. Tumejaribu kuuondoa kwa kufungamanisha neno na sifa yake, "uwanja wa umma", wingi "viwanja vya umma", na kuagiza kwamba katika sheria na ramani lisiandikwe kamwe bila sifa hiyo. Si suluhisho safi. Wenzetu wa mipangomiji watasema ni refu, na kweli "eneo la wazi" nalo si fupi. Haraka yetu inatokana na bonde lile lile la Msimbazi: mradi wa kuliendeleza, ambao Benki ya Dunia iliuidhinisha mwaka 2022, unakusudia kuweka bustani kubwa ya jiji pale Jangwani, na waliohamishwa kutoka bondeni watasoma vibao vitakavyosimikwa huko. Tungependa wasome kwamba walipisha uwanja wa umma.

Kuhusu majina ya watu wa kazi hii, rasimu imewatupa wote katika kapu moja, "mtaalamu wa mandhari": yule anayechora mpango, yule anayechukua kandarasi ya kuutekeleza, na yule anayemwagilia kila asubuhi. Ofisa utumishi akitangaza nafasi kwa jina hilo hatajua amlipe nani kiasi gani. Tumewatenganisha: msanifu mandhari, mkandarasi wa mandhari, mtunza bustani. Wapo waliotaka "mbunifu mandhari", ili lilingane na Bodi ya Usajili wa Wabunifu Majengo na Wakadiriaji Majenzi, na hoja yao ina uzito wa kiserikali. Sisi tumeshikilia "msanifu". Anayebuni huanza na karatasi tupu. Mtu wa fani hii hukuta ardhi imekwisha kuwapo, ina mwinuko wake, maji yake na mti wake mkubwa ambao hatakiwi kuukata. Kazi yake ni kuisanifu. Bodi ikituandikia kutukosoa tutaisoma barua yake kwa makini. Na "shamba boi", ambalo bado linasikika majumbani, tumelitaja katika rasimu kwa kusudi moja tu, la kuandika mbele yake: lisitumike. Mtu wa miaka hamsini aliyelea miembe ya nyumba nzima si boi wa mtu.

Limebaki jambo moja, nalo si kosa la tafsiri bali ni pengo. Tuliipitia rasimu yote, herufi hadi herufi, tukitafuta neno "kivuli" kama ingizo lenye fasili yake. Halimo. Limo mara moja tu ndani ya maelezo ya "mimea istahimiliyo kivuli", maana katika vitabu vya nchi za baridi kivuli ni dhiki ambayo mmea huivumilia. Tulikuwa tumekaa kwenye kibaraza cha duka wakati tukiligundua hilo, saa nane mchana, pamoja na mzee mmoja mchukuzi aliyekuwa amegeuza mkokoteni wake kuwa kiti. Tulimwuliza:

"Mzee wetu, shikamoo. Wewe unachagua vipi mahali pa kupumzika?"

"Marahaba wanangu," akajibu. "Kwani kuna kuchagua? Unakwenda kilipo kivuli, na kikisogea unasogea nacho."

Mitaa ya Mkunguni na Mchikichi bado inabeba majina ya miti, lakini kivuli cha Kariakoo siku hizi ni cha kuta za maghorofa na cha miavuli ya wafanyabiashara wadogo. Aliyelielewa jambo hili mapema ni msanifu Mtanzania Beda Amuli, ambaye soko alilolibuni, lililofunguliwa mwaka 1975, alilipa paa la miavuli mikubwa ya zege: inatia kivuli, inapitisha hewa, na inakinga maji ya mvua. Soko hilo liliungua Julai 2021, likafanyiwa ukarabati mkubwa na jengo jingine likajengwa kando yake. Katika bustani nyingi mpya za jiji tunaona ikipandwa miashoki, ile iliyochongoka kama mkuki, ambayo kivuli chake hakimtoshi hata paka. Msanifu aliyekuwa na ingizo la "kivuli" katika orodha yake pengine angekumbuka mkungu au mwarobaini.

Tumeliongeza. Kivuli: mahali pasipofikiwa na jua moja kwa moja, pamoja na kitu kinachopafanya pawe hivyo, hupimwa kwa upana, kwa saa za siku na kwa majira. Chini yake tumeweka kivuli cha mti, kivuli cha upenu, kivuli cha ukuta na kivuli cha turubai, na tumeagiza kwamba mchoro wowote wa uwanja wa umma utakaoandikwa kwa Kiswahili uonyeshe kivuli cha saa sita na cha saa tisa mchana. Rasimu imerudishwa kwa waandishi wake pamoja na marekebisho haya. Majibu yao, na ya wasomaji wenye hoja juu ya "uwanja wa umma", yatachapishwa katika kurasa hizi.